Nilimuua mjumbe mara nne: tathmini ya Display Driver Uninstaller

Display Driver Uninstaller, ambayo watumiaji wake huiita DDU kwa kifupi, ni programu ya bure ya Windows yenye kazi moja: kuondoa draiva ya kadi ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, pamoja na masalia yake yote, ili draiva mpya isakinishwe mahali palipo safi. Imetengenezwa na Wagnardsoft, na inahudumia kadi za AMD, Intel na NVIDIA. Nimeitumia mara nne ndani ya wiki sita kwenye kompyuta ya mezani ninayofanyia kazi ya kuhariri video za harusi hapa Tanga. Mara zote nne ilifanya kazi yake bila dosari, na mara zote nne tatizo langu lilirudi. Nilipokuwa nikitafuta maoni ya wengine kabla ya kuipakua, nilikutana na watu wa aina mbili tu, wanaosema iliwaponya na wanaosema haina maana, na sasa naona kwamba wote wawili wanaipima kwa mizani isiyo yake.

Dalili zilianza msimu wa harusi ulipochangamka baada ya Idi. Kila nilipoanza kutoa video, yaani pale programu ya kuhariri inapoiamuru kadi ya grafiki ifanye kazi kwa nguvu zote, skrini ilizimika ghafla, feni za kadi zikavuma, kisha baada ya sekunde mbili tatu picha ikarudi huku programu imejifunga na kazi imepotea. Siku nyingine picha haikurudi kabisa, na nilichoachiwa ni skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Bibi harusi mmoja alisubiri video yake siku kumi na moja, na mama yake alinipigia simu katika siku tisa kati ya hizo.

Herufi TDR zinasimamia utaratibu ambao Microsoft iliuingiza kuanzia Windows Vista. Windows huipa kadi ya grafiki muda wa kumaliza kazi iliyopewa, ambao kwa kawaida ni sekunde 2, na muda huo ukipita bila jibu huihesabu kadi kuwa imekwama, ikaianzisha upya pamoja na draiva yake. Ikishindikana, ndipo inapoisimamisha kompyuta nzima. Katika kumbukumbu za matukio, ambazo hufunguka kwa kuandika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, kisa kama hicho huandikwa kwa namba 4101, kwa maelezo kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu na imefanikiwa kurejea. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipoteza. Inaitaja draiva, nami nikaikamata draiva. Sikufikiri kwamba draiva ni mjumbe kati ya Windows na kadi, na kwamba mjumbe asiporudi na jibu, anayeandikwa kwenye daftari la makosa ni yeye, hata kama aliyetumwa kwake alikutwa amezirai. Wazee walishasema mjumbe hauawi. Mimi nilipakua programu mahususi ya kumuua.

Kazi yenyewe inahitaji maandalizi, na hapa DDU haina huruma kwa mwenye papara. Draiva mpya ni lazima iwe imeshapakuliwa na kuwekwa pembeni kabla ya kuanza, kwa sababu hatua inayofuata ni kukata intaneti. Usipoikata, Windows huwahi kujiletea draiva yake ya kuokoteza mara tu ya zamani inapoondoka, na usafi wote unakuwa wa kutwanga maji kwenye kinu. Faili la draiva lina ukubwa wa mamia ya megabaiti, jambo ambalo anayeishi kwa kifurushi cha simu atalihisi mfukoni; nilijifunza kulihifadhi kwenye flashi baada ya kulipakua mara mbili bila sababu. Kisha kompyuta inawashwa katika hali salama, ile ambayo Windows huamka na vitu vya lazima tu, kwa kushikilia kitufe cha Shift huku ukiiamuru iwake upya. Hapo kuna mitego miwili ambayo sikuambiwa na mtu. Wa kwanza ni kwamba ile PIN ya tarakimu nne unayoingilia kila siku huenda isikubalike katika hali salama, kwa hiyo nywila kamili ya akaunti uwe unaikumbuka. Wa pili unawahusu zaidi wenye Windows 11 ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows yenyewe, kwani wanaweza kudaiwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na asiyejua alikouweka atabaki nje ya nyumba yake mwenyewe.

Ukishaingia, DDU inakuonyesha dirisha moja lililojaa. Kulia unachagua aina ya kifaa na kampuni iliyotengeneza kadi. Kushoto kuna vitufe vitatu: cha kusafisha na kuwasha upya, ambacho ndicho kinachopendekezwa, cha kusafisha bila kuwasha upya, na cha kusafisha kisha kuzima kabisa, kilichokusudiwa anayetaka kubadilisha kadi. Ukibonyeza, mistari ya maandishi huanza kupita, kila mstari ukitaja huduma iliyosimamishwa, faili lililofutwa au ingizo lililong'olewa kwenye rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, na kwa asiyejua kinachoendelea mistari hiyo inatisha kidogo. Kwangu haikuzidi dakika chache. Kompyuta iliwaka upya ikiwa inatumia draiva ya msingi ya Microsoft, skrini ya pili imezima na alama za mezani zimekuwa kubwa kama za simu aliyonunuliwa babu. Nikasakinisha draiva mpya, kila kitu kikarudi mahali pake, na kwa siku nne skrini haikuzimika hata mara moja.

Siku hizo nne nilimsifia DDU kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Kilichonijia akilini baadaye, nilipokagua tarehe za faili zangu, ni kwamba katika siku hizo sikutoa video hata moja. Nilikuwa nakata na kupanga vipande tu, kazi ambayo kadi yangu huifanya ikiwa nusu usingizini. Siku ya tano nilibonyeza kutoa, na kabla dakika haijaisha skrini ikawa nyeusi. Nadhani sifa nyingi za programu hii, na za programu nyingine za aina yake, zimeandikwa na watu waliokuwa katika siku zao nne.

Mara ya pili nilisafisha na kurudi kwenye toleo la zamani la draiva, lililotolewa karibu mwaka mmoja kabla, kwa hoja kwamba huenda lile jipya lina hitilafu. Mara ya tatu niliweka draiva peke yake bila vikorombwezo vinavyofuatana nayo. Mara ya nne, naona haya kusema, nilirudia ile ya kwanza vilevile, kama mtu anayepiga kofi redio kwa matumaini kwamba safari hii itakubali. Katikati ya mara hizo nilifuata pia ushauri unaozunguka sana wa kubadilisha thamani ya TdrDelay kwenye rejista, kutoka sekunde 2 hadi 10. Matokeo yake ni kwamba kompyuta iliganda kwa sekunde kumi badala ya mbili, kisha ikaanguka palepale. Microsoft yenyewe inaeleza kwamba thamani hizo zimewekwa kwa ajili ya majaribio na uchunguzi wa wasanidi programu, si tiba ya mtumiaji, na mimi nilizirudisha kama zilivyokuwa.

Hapo ndipo ninapoanza kuisifu DDU kwa dhati. Baada ya usafi wa kweli mara nne, kwa matoleo matatu tofauti ya draiva, dalili ilikuwa ileile, mahali palepale, ndani ya dakika ya kwanza ya kutoa video. Kama ningeondoa draiva kwa njia ya kawaida ningebaki na wasiwasi kwamba labda kuna kipande cha zamani kilichobaki kinachosumbua. DDU iliufuta wasiwasi huo kabisa. Matoleo matatu ya draiva, yaliyowekwa kwenye uwanja uliofagiliwa, hayawezi kuteleza kwenye kokoto moja. Kwa hiyo kokoto ilikuwa nje ya draiva. Hitimisho hilo nilikuwa na haki ya kulifikia baada ya mara ya pili, na nililifikia baada ya ya nne.

Niliandika perfmon /rel, amri inayofungua chati ya uthabiti wa kompyuta siku kwa siku, na alama nyekundu zilijipanga sawasawa na siku zangu za kutoa video. Nyingi ziliitwa hitilafu ya maunzi, na ndani yake kulikuwa na rekodi iitwayo LiveKernelEvent yenye namba 141. Namba hiyo peke yake haithibitishi kwamba kadi ni mbovu, kwa sababu Windows huiandika pia pale injini ya kadi inapochelewa kwa sababu ya draiva, lakini kwa mtu ambaye draiva alishaifuta mara nne ilikuwa inatosha kumgeuza shingo.

Nikawasha HWiNFO, programu nyingine ya bure inayosoma vipimo vya ndani ya kompyuta na kuviandika kwenye faili kila baada ya muda mfupi, nikaiacha iandike hadi skrini ikazimika. Joto la kadi kwenye mstari wa mwisho lilikuwa nyuzi 68, ambalo si kitu hata kwa Tanga ya mwezi wa pili. Kilichonishtua kilikuwa pembeni. Kadi yangu ina kipimo cha volti zinazoiingia kwa njia mbili, yaani kupitia tundu lake kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na kupitia plagi ya pini 8 inayotoka kwenye pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme. Kompyuta ikiwa imetulia, vipimo vyote viwili vilisoma volti 12 na ushei. Mzigo ulipoanza, kile cha kwenye tundu kilishuka kidogo tu hadi 11.9, lakini kile cha kwenye plagi kiliporomoka hadi 11.2, na mstari uliofuata haukuwapo. Viwango vya ATX, yaani kanuni za pawa saplai za kompyuta, kwa muda mrefu vimeruhusu laini ya volti 12 ipande au ishuke kwa asilimia 5, yaani isipungue 11.4. Vipimo vya programu si vya kuapia, ila hapa vilikuwa viwili kwenye kadi moja, vikisoma umeme wa pawa saplai moja, na mmoja ndiye aliyekuwa akizama.

Kabla ya kushika bisibisi nilifanya jaribio moja la mwisho, nalo ndilo ningemshauri kila mwenye tatizo hili alifanye la kwanza, kabla hata ya DDU. Kwa kutumia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha mipangilio ya kadi, nilipunguza kiwango cha juu cha umeme ambao kadi inaruhusiwa kula hadi asilimia 70, nikabonyeza kutoa, nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta video tatu zimekamilika. Kwenye kumbukumbu hapakuwa na tukio hata moja lenye namba 4101.

Sasa nieleze kilichokuwa ndani ya kasha. Kompyuta hii niliinunua ya mtumba, mojawapo ya zile za ofisini zinazoletwa kutoka nje baada ya makampuni kuzichoka, na duka lililoniuzia liliiongezea kadi ya grafiki ili iuzike kwa watu wa video na gemu. Pawa saplai waliiacha ileile ya ofisini, yenye uwezo wa wati 290, ambayo haikuwa na plagi ya kadi ya grafiki kwa sababu ofisi haikuihitaji. Ili kadi iwake walitumia kiunganishi chenye vichwa viwili vya SATA upande mmoja, vile vilivyokusudiwa diski, na plagi ya pini 8 upande mwingine. Plagi ya pini 8 inatarajiwa kupitisha hadi wati 150. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ikibeba ampea 1.5, hivyo jumla yake ni wati 54. Hata ukivijumlisha vyote viwili hufiki 150, na vyangu vilikuwa vimechomekwa kwenye waya mmoja unaotoka kwenye pawa saplai, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa ukipita kwenye uzi mmoja wa njano usiozidi unene wa waya wa chaja. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa mikupuo ya muda mfupi mno inayozidi sana wastani wake, na mkupuo mmoja ukigonga waya kama huo, volti hushuka, kadi hunyamaza, na sekunde mbili baadaye Windows inaandika kwamba draiva haijibu.

Nilipojaribu kukichomoa kichwa cha kwanza hakikutoka. Plastiki yake nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia kwenye pembe moja, ikalainika na kuganda tena ikiwa imeshikana na mwenzake, na nilipokipinda kidogo ili kukitenganisha kilitoa harufu ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Nilikipeleka dukani. Muuzaji alikigeuza mkononi mara moja, akanirudishia. "Kaka, zote tunazifunga hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika," aliniambia, na nadhani hilo la pili lilikuwa kweli, kwa sababu wengi wao, kama mimi, walikuwa nyumbani wanasafisha draiva.

Fundi wa Ngamiani aliniwekea pawa saplai ya wati 550 yenye plagi yake halisi ya pini 8. Kazi ilikuwa na kikwazo kimoja kinachowapata wengi wenye kompyuta za namna hii: mazabodi yake haina tundu la kawaida la pini 24, ina la pini 8 la umbo lake yenyewe, kwa hiyo ilibidi uagizwe waya wa kugeuzia kutoka Dar es Salaam na kusubiriwa siku tatu. Kila kitu pamoja na ufundi kilinigharimu shilingi 190,000. Niliondoa kile kikomo cha asilimia 70, nikarudisha draiva mpya kabisa, na tangu hapo ni mwezi wa pili sijaona skrini nyeusi.

Nikirudi kwenye programu ninayoitathmini, malalamiko yangu ni machache na madogo. Dirisha lake limebanana, na chaguo zake nyingi hazijielezi kwa mtu wa kawaida. Kuna chaguo la kuizuia Windows isijiletee draiva, ambalo ukilisahau likiwa limewashwa utakuja kushangaa baadaye kwa nini kifaa kingine hakijitambulishi. Inafuta pia mipangilio uliyoiweka kwa mkono, na mimi nilipoteza marekebisho ya rangi ya skrini zangu, jambo ambalo kwa mhariri wa video ni nusu siku ya kazi. Wanaoitumia kila draiva mpya inapotoka wanajisumbua, na watengenezaji wenyewe hawaipendekezi itumike hivyo. Kisakinishi cha NVIDIA kina chaguo lake la usakinishaji safi na AMD wana chombo chao cha kusafishia, na kwa mambo ya kawaida hivyo vinatosha. Atakayeihitaji kweli aichukue kwa Wagnardsoft wenyewe, aweke kwanza kituo cha kurejeshea mfumo, na asiifungue DDU wakati kazi ya mteja inadaiwa jioni hiyohiyo.

Anayeihitaji kweli nilimpata wiki iliyopita. Kijana mwenye kibanda cha gemu jirani yangu alikuwa ametoa kadi ya kampuni moja na kuchomeka ya nyingine, na kisakinishi cha draiva mpya kilikuwa kikigoma katikati kila mara, skrini ikibaki na ule ukubwa wa alama za simu ya babu. Nilikwenda na flashi yangu, nikamuuliza kwanza umeme wa kadi unatoka wapi, nikainama kuhakikisha kwa macho kwamba plagi ni ya pawa saplai yenyewe, ndipo nikakata intaneti na kuingia hali salama. Masalia ya kadi ya zamani yalikuwa mengi kiasi kwamba mistari ilipita bila kusomeka. Dakika kumi na tano baadaye draiva ilikubali mara moja. Akanilipa soda, akageukia watoto waliokuwa wamejipanga mlangoni kuwauliza ni zamu ya nani.